Kusamehe Si Kuchana Daftari

Mnazijua zile filamu za vita: wanawake wapelelezi wanakamatwa, wanateswa, halafu mwishoni wanatoka kifungoni na kulipiza kisasi. Mtesaji akianguka sote tunapiga makofi, hata sisi tuliookoka. Je, makofi hayo ni dhambi?

Kenya ilikuwa na wanawake kama hao, na haikuwa filamu. Wambui Otieno alikusanyia Mau Mau habari za siri hapa Nairobi, baadaye akazuiliwa Lamu. Katika kitabu chake cha 1998 alieleza jinsi afisa wa mkoloni alivyomnajisi huko. Jane Muthoni Mara alishikwa akiwa msichana, akateswa kwa njia ambayo siwezi kuandika hapa. Uzeeni, yeye na wenzake waliishtaki serikali ya Uingereza London. Juni 2013 serikali hiyo ilisema inasikitika, ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,200.

Mtu ataniuliza: Pasta, si wangesamehe tu? Kwani kusamehe ni kusema deni halipo? Mwenye duka akimwachia mwingine kazi ya kudai, daftari halichanwi. Ni yeye tu hatabisha tena mlango wa mdaiwa usiku. Warumi 12:19 inatuambia tumwachie Mungu kisasi. Lakini geuza ukurasa, soma 13:4: mamlaka ni mtumishi wa Mungu dhidi ya mtenda maovu. Na yule mjane wa Luka 18 alimsumbua kadhi mpaka akapata haki yake. Yesu hakumkemea, alimfanya mfano wa maombi.

Nasema haya kwa sababu hapa Kibera kuna dada waliodhulumiwa wakati wa fujo za 2008, wakaambiwa, "Samehe, nyamaza." Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru waathiriwa wanne wa dhuluma za kingono za wakati ule walipwe fidia. Ilichukua miaka 12, na walikuwa wamekataa kunyamaza.

Dada yangu, kusema ukweli mbele ya hakimu si kisasi. Kisasi ni kutaka wewe mwenyewe uwe hakimu na mnyongaji. Yale makofi ni njaa ya haki, na njaa hiyo Mungu ameahidi kuishibisha. Na sisi wengine, dada akituambia yaliyompata, tusimnyamazishe kwa mstari wa Biblia. Tumsindikize mpaka mahakamani. Amina.