Bawabu wa Moto

Baridi ya nyanda za Mbozi, miezi ya Juni na Julai, haina mzaha. Msafiri afikaye Tunduma usiku, aliyeketi garini tangu Dar es Salaam au aliyengoja mpakani na lori la shaba kutoka Kongo, hutamani maji ya moto kabla ya chakula. Mwenye nyumba ya wageni apashaye maji kwa gesi ya mtungi huweza kukutana na kisa ambacho mafundi wanakijua sana: moto huwaka, joto hupita kiasi, kisha chombo hujizima. Hubonyezwa kitufe, huwaka. Baada ya kitambo hujizima tena. Je, chombo kikataacho kazi namna hii kina kosa, au kina haki?

Moto wa gesi haulaumiwi kwa ukali wake. Ni wajibu wa maji kuupokea ukali ule na kwenda nao. Chujio likiziba, pampu ikichoka, au hewa ikinaswa katika bomba, maji hupita polepole na joto hubaki mahali pamoja. Chokaa nayo ina sehemu yake. Katika bonde la Songwe, mto uendao Ziwa Rukwa, zipo chemchemi za moto ambazo kwa muda mrefu mno zimejijengea miamba ya chokaa kandokando. Kitu kile kile, kwa unene wa ukucha tu, hugandamana ndani ya bomba la kupashia, kikaitenga shaba na maji. Shaba ikaungua hali maji hayajapata moto wa kutosha. Hapo kidhibiti joto huifunga gesi. Kwa mtu mwenye haraka huo ni ukaidi, lakini katika chombo kizima hakuna kiungo kingine kilichokuwa kikisema kweli saa ile.

Kunyamazisha kweli hiyo ni rahisi. Kipande cha waya hupitishwa kando ya kidhibiti, nacho hakiulizwi neno tena. Hila hii ni ya kale. Denis Papin, Mfaransa, alibuni vali ya usalama ya chungu cha mvuke katika karne ya 17. Katika karne ya 19 wakatokea waendesha mashine walioitundikia vali ya namna hiyo mizigo ili isifunguke, wapate mwendo zaidi. Baadhi yao walipasukiwa na mitungi, pamoja na abiria ambao hawakujua lolote juu ya vali.

Pasiwe na haraka ya kumhukumu mwenye nyumba. Ana kodi ya kulipa, ana mgeni anayegonga mlango na taulo begani, na fundi wa kweli huenda yuko Mbeya. Dhiki yake ni ya haki. Lakini waya ule hauiondoi dhiki, huihamisha. Hasara iliyokuwa yake, ya fedha na sifa, huwa hatari ya mtu aliyelala chumba cha pili, ambaye hakuulizwa na hakuridhia. Mtu aishiye peke yake akifanya hivyo ataitwa mpumbavu. Mwenye wageni hastahili jina jepesi hivyo, na mwenye watoto pia, maana mtoto hana ridhaa ya kutoa.

Yamkini mtu atasema kwamba bawabu naye huweza kuwa mwongo. Ni kweli: kidhibiti huchakaa kikaona moto pasipo moto. Basi na apimwe kwa kipimajoto kingine. Akithibitika mwongo, huwekwa bawabu mpya, wala mlango hauachwi wazi. Kubonyeza kitufe mara ya kwanza kwaweza kuwa ni kuuliza. Mara ya kumi mbonyezaji amekwisha kupata jibu na hataki kulisikia.

Mwenye nyumba aliyefunga mtungi mpaka fundi aje, akampelekea mgeni ndoo ya maji kutoka jiko la mkaa (maji ambayo, kwa kimo cha nchi ile, huchemka kabla ya kufika nyuzi 100), atapoteza sifa kidogo usiku ule. Mgeni atanung'unika, tena ana haki ya kunung'unika, kwani alilipia bomba akapewa ndoo. Huenda asirudi safari ijayo, wala asijue kwa nini alinyimwa bomba.