Kidonge cha Presha na Tawakali

Tangu nistaafu uuguzi na kuhamia Mikindani, swali ninaloulizwa zaidi halihusu dozi wala bei. Ni hili: mtu anayemeza kidonge cha presha kila siku mpaka anakufa, si amekitegemea kidonge badala ya Mungu? Wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao, tena wacha Mungu. Na mara nyingi anayeuliza keshaacha dawa.

Swali lina uzito wake. Dawa mseto ya malaria unameza siku tatu, unapona, unashukuru, yamekwisha. Dawa ya presha haiponyi, inashikilia tu. Ukiiacha, presha inapanda taratibu mpaka ilipokuwa. Ndiyo maana wengi wanaiona kama kifungo cha maisha, na mja hapendi kufungwa na kitu kisicho Mola wake.

Basi tuitazame kazi yake. Amlodipini, kile kidonge kidogo cha miligramu 5 au 10, ni katika dawa zinazozuia kalsiamu. Msuli ulio kwenye kuta za mishipa ya damu haujikazi mpaka kalsiamu iingie ndani ya seli zake kupitia vitundu maalumu. Amlodipini huziba sehemu ya vitundu hivyo, kama wavuna chumvi wa pwani yetu wanavyoziba mlango wa maji ili bamvua lisijaze mashamba yao. Msuli unalegea, mshipa unapanuka, na moyo unasukuma damu bila kushindana na mishipa iliyokaza. Kalsiamu ya mifupani haiguswi.

Elimu hii ina historia. Mwaka 1883, huko London, tabibu Sydney Ringer aliuchunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kuwekwa katika maji yenye chumvi. Mchanganyiko uliotengenezwa kwa maji ya bomba uliufanya uendelee kudunda. Uliotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa uliufanya ufifie na kusimama. Kilichopungua ni kalsiamu, ambayo maji ya bomba ya London yalikuwa nayo. Katika miaka ya 1960 Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, alionyesha kwamba zipo dawa zinazoweza kuizuia isiingie. Nikisoma habari hizi simwoni Mungu akipungukiwa. Naona kwamba hata pigo moja la moyo limeumbwa likipitia sababu. Anayesema hataki sababu baina yake na Mola wake, sababu hizo zimo kifuani mwake anapoyasema hayo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili jambo hili katika kitabu chake, Ihya. Alizigawa njia za kuondoa madhara mafungu matatu: za uhakika, kama maji kwa mwenye kiu, za dhana, kama tiba za matabibu wa zama zake, na za kubahatisha. Kuziacha za kwanza si tawakali. Kuzitumia za pili hakuvunji tawakali. Za tatu ndizo mwenye tawakali huziacha. Mimi naiweka amlodipini katika fungu la pili, karibu kabisa na la kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na jirani zetu Msumbiji, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Hiyo ni dhana iliyopimwa.

Ila imepimwa kwa umati, haikumpa mtu mmoja ahadi. Nimewauguza waliomeza bila kukosa na kiharusi kikawapata. Nawajua pia wasiowahi kumeza ambao bado wanatembea. Kidonge hupunguza hatari, hakiifuti. Kwa hiyo anayekimeza bado ana haja ya kumtegemea Mungu, pengine kuliko asiyekimeza, maana yeye amekwisha kuijua hatari yake kwa tarakimu.

Kikwazo kikubwa, nionavyo, si tawakali. Mvuvi mmoja wa Msimbati, mzee wa makamo ya baba yangu, nilimfunga mkanda wa kipimo mkononi, ikasoma 190 kwa 110. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi siumwi. Asubuhi nimevuta nyavu." Nikamjibu, "Ndiyo, baba, na ndivyo ilivyo presha." Hakuniamini. Mzee huyo anaamini malaika, kaburi na hesabu, na hakuna alichokiona kwa macho. Mwili wake ndio aliodai umthibitishie kwa maumivu. Wengi wetu tuko hivyo: ya ghaibu ya mbinguni tunayakubali, yaliyofichika ndani ya ngozi yetu tunayatakia ushahidi.

Tena dawa yenyewe huwapa wengine sababu ya kuacha. Vifundo vya miguu huvimba, kwa kuwa mishipa midogo imefunguka na maji huvuja kuingia kwenye nyama. Mtu husema figo zimekufa, au amerogwa. Dawa yake ni kurudi kituoni apunguziwe dozi au abadilishiwe, si kutupa vidonge chooni. Ramadhani nayo isiwe kisingizio. Amlodipini huchukua saa 30 hadi 50 ndipo nusu yake itoke mwilini, hivyo humezwa mara moja kwa siku, na daktari aweza kukuhamishia wakati wa futari.

Lakini yupo anayeacha bila kuwa na swali lolote la imani. Fedha za korosho zikiingia mwishoni mwa mwaka, hununua vidonge vyake. Masika yakifika, mfuko mtupu, anagawa kidonge kimoja siku mbili, kisha anaacha. Ukimuuliza atasema amemwachia Mungu, kwa sababu neno hilo lina heshima kuliko kusema hana hela. Hapo swali la tawakali linamhama yeye na kutufuata sisi majirani zake. Kama kidonge ni sababu aliyoijaalia Mungu, basi aliye nacho cha ziada ni sababu nyingine, na kamati ya msikiti inayochangisha sanda haishindwi kuchangisha dawa za miezi ya njaa kwa mtu ambaye bado yu hai.