Kilima cha Mita 706 na Maana ya Tawakkul



Ndugu zangu katika imani, ninyi mliokulia Rwanda, nchi ya vilima, mtacheka nikiwaambia kwamba wanafunzi wanne wa Kiislamu tulioko Edinburgh tumekaa wiki mbili tukipanga kupanda kilima cha mita 706. Kinaitwa Morven, nacho ndicho kirefu kuliko vyote katika Caithness, pembe ya kaskazini-mashariki ya Uskoti bara. Kilele chake kiko chini kuliko kituo cha mabasi cha Nyabugogo! Mmoja wetu alisema, "Kilima gani hiki cha kuhangaikia ramani? Tutawakali tu, twende."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Siku hizi tawakkul tumeifanya jina zuri la uvivu.

Hadithi ya ngamia na kamba yake mnaijua tangu madrasa, na pengine kwa kuisikia mno haitugusi tena. Basi tuitazame Hijra. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ahadi ya Mola wake, lakini alipotoka Makka alielekea kusini, pango la Thaur, ilhali Madina iko kaskazini. Alikaa humo siku tatu. Abdullah bin Abubakar alishinda mjini akisikiliza habari na usiku akazipeleka pangoni. Amir bin Fuhaira alipitisha kondoo wake hapo. Asmaa (r.a.) alitayarisha chakula. Kiongozi wa njia alikodiwa kwa ujira, wala hakuwa Mwislamu, ila alizijua njia za jangwa. Yote haya yalipokwisha kufanywa, na maadui wakawa wamesimama mlangoni mwa pango, ndipo Mtume akamtuliza sahibu yake kwamba Allah yuko pamoja nao. Tazameni vizuri neno hilo lilikuja wakati gani.

Sasa turudi kilimani. Kutoka Braemore, mwisho wa barabara, ni takriban kilomita 15 kwenda na kurudi. Njia hukatika, ukabaki na vichaka na udongo wa kinamasi unaomeza mguu, kisha mteremko mkali wa mawe. Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 aliacha kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hesabu hiyo tungetumia saa nne. Kinamasi, upepo, chakula na sala havimo ndani yake, kwa hiyo sisi tumeweka saa nane. Mwanzoni mwa Oktoba jua la huko huzama kabla ya saa moja jioni. Tutaondoka saa mbili asubuhi, na ikifika saa nane mchana tutageuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho yetu.

Kwa kuwa sisi ni wasafiri, tutapunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, chini ya jiwe linalokinga upepo. Dira itakayotuongoza kwenye ukungu ndiyo itakayotuonyesha kibla, kusini-mashariki. Amiri tumemchagua yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, na mimi uchaguzi huo umenifurahisha sana, maana hakuna atakayeachwa nyuma. Sheria ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea juu ya ardhi ya wenyewe, kwa sharti la kutodhuru. Lakini huu ni msimu wa kuwinda kulungu, kwa hiyo tumewauliza wenye ardhi siku gani inafaa. Haki yako haifuti haki ya jirani.

Na hapa ndipo ndugu yetu wa "tutawakali tu" alinyamaza. Waokoaji wa milimani huko ni watu wa kujitolea. Hawalipwi, na wana kazi zao na watoto wao. Anayepanda bila kumwambia mtu njia yake, akapotea, anawatoa vitandani waje kupekua kilima kizima katika giza na mvua. Roho yake ni amana, sawa, lakini na roho zao je? Huko ni kudhulumu watu, kisha tunakupa jina la imani!

Kwa hiyo kuna karatasi tutakayomwachia mama mwenye nyumba tutakamolala, karibu na Dunbeath. Ina majina yetu, njia ya kwenda, njia ya kurudi, rangi ya makoti yetu, na saa: tusipofika saa tatu usiku, apige 999, aombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Ameiandika ndugu yule yule. Ana hati nzuri kuliko sisi wote.