Bisi za Jese

Neno la wiki: 1 Samweli 17:12–30

Jumanne jioni nilipita kumjulia hali mama mmoja wa usharika wetu, nikamkuta amekaa mkekani na sinia la senene mbele yake. Walikuwa wamekaangwa tayari. Alikuwa akiwachambua mmoja mmoja, huyu amebakiwa na bawa, yule na mguu, kisha akiwatandaza juu ya karatasi wazidi kukauka. Novemba kwetu Bukoba ni msimu wa senene, na mgeni hamalizi dakika tano kabla hajamiminiwa kiganjani. Siku hiyo sikumiminiwa. "Utanisamehe, Baba Mchungaji," aliniambia, "hawa ni wa safari. Wakibaki na unyevu watafika wameoza."

Safari yenyewe ni ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwanawe ni askari wa JWTZ, yuko kwenye kikosi chetu cha kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, huko Berbérati, magharibi ya nchi ile, ambako vijana wa Tanzania walianza kupelekwa mwaka 2017. Mwenzake mmoja alikuja likizo, anarudi wiki ijayo, naye amekubali kumbebea kilo mbili. Kwa hiyo mama ameazima mizani ya jirani anayeuza dagaa, na kila kitu kinapanda na kushuka juu ya sahani ile mara tatu nne kabla hakijapewa nafasi. Mkebe wa senene. Kahawa ya kutafuna, kiasi cha kiganja, imefungwa kwa gamba la mgomba kama walivyoifunga babu zetu. Dagaa wa ziwani waliochambuliwa mchanga. Soksi jozi nne. Juu ya vyote, bahasha.

Nilioneshwa kilichomo. Ni karatasi ya daftari la mistari yenye unyayo wa mtoto. Binti wa yule askari alikuwa na miezi mitatu baba yake alipoondoka. Mkwe wa mama huyu humsimamisha mtoto juu ya karatasi, huzungusha kalamu kufuata kisigino na vidole, kisha huandika tarehe. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilichorwa mtoto akiwa bado hajasimama, ikabidi bibi amshike kwapani. Hii ya sasa wino umeruka penye kidole gumba, maana mtoto alivuta mguu akitaka kutembea. Baba yake ataweka karatasi mbili sambamba na kuona kwa macho yake mwanawe amekua kiasi gani.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilimkumbuka Hana. Nimehubiri habari zake mara nyingi, na kila mara nimesimama kwenye machozi yake na nadhiri yake pale Shilo, nikaipita ile kanzu. Imetajwa katika 1 Samweli 2:19: kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Mtu anayemwona mwanawe mara moja kwa mwaka hushonaje nguo itakayomkaa? Itambidi akadirie mabega. Itambidi amtazame mtoto wa jirani wa rika lile, apime, aongeze kidogo. Mwaka mzima Samweli alikuwa anakua ndani ya mawazo ya mama yake. Hekalu lilikuwa na mavazi, na Samweli hakuwa anatembea uchi. Kanzu ile ilikuwa na kazi nyingine.

Vivyo hivyo kwa huyu kijana wa Berbérati. Umoja wa Mataifa unawalisha askari wake, na hakuna anayengoja dagaa wa Bukoba ili ashibe. Hata soko la huko si geni kabisa kwake, kwani watu wa nchi ile wanakula muhogo kila siku, na viwavi kwao ni chakula cha heshima kama senene kwetu. Anachokikosa ni kujulikana. Pale kambini yeye ni cheo, namba na zamu. Mkebe ukifunguka, anarudi kuwa mtoto wa mtu fulani, wa kijiji fulani, ambaye nyumbani wanajua kwamba senene anawapenda wenye chumvi nyingi.

Sasa twende kwenye neno letu la wiki, bonde la Ela. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaijua habari hii kuanzia kwenye kombeo, nasi ndio tuliowafundisha hivyo. Lakini Daudi hakutoka nyumbani kwenda kupigana. Alitoka kupeleka mzigo. Jese, baba yake, alikuwa mzee, na wanawe watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, walikuwa wamemfuata Sauli vitani. Siku 40, asubuhi na jioni, shujaa mmoja wa Wafilisti alikuwa akijitokeza na kuwatukana. Jese hakuwa na simu. Alikuwa na mdogo wao, na alikuwa na ghala. Akapima efa moja ya bisi, yaani kama lita 22, debe limejaa na kuzidi. Akaongeza mikate kumi. Akaweka na jibini kumi za jemadari wao, maana mzazi mwenye busara humkumbuka pia anayelala karibu na watoto wake. Kisha akampa Daudi agizo ambalo kwangu ndilo uzito wote wa mzigo: akawaangalie ndugu zake hali zao, na arudi na jawabu lao.

Angalieni mzigo ule ulielekea wapi. Ulitoka nyumbani ukaenda kambini. Jese hakumtuma Daudi akawaulize kaka zake wamepata nini.

Wapendwa, katika nyumba zetu njia hii tumeigeuza. Kijana akichaguliwa kwenda misheni ya kulinda amani, kabla hajafunga begi, ukoo mzima umeshapiga hesabu ya posho yake. Huyu ana bati zake hamsini, yule ana ada ya kidato cha tano, mjomba ana mashine ya kusaga, na shangazi ambaye hakuonekana tangu msiba wa babu amepata namba ya simu. Tunawafanyia hivyo askari, na tunawafanyia hivyo mabinti zetu waliokwenda Oman na Dubai kufanya kazi za ndani. Sisemi kwamba kusaidiwa na mwanao ni dhambi. Mwana anayemjengea mama yake nyumba anabarikiwa, na nyumba nyingi za usharika huu zimeinuka hivyo. Nasema kwamba mtu aliye mbali akisikia simu inalia kutoka nyumbani na moyo wake ukashtuka kwa kujiuliza leo ni shilingi ngapi, sisi wa nyumbani tumemkosea.

Nami nimekosa. Mwaka 2013 mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa Darfur, kwenye kikosi cha Tanzania. Tarehe 13 Julai, siku ya Jumamosi, msafara wa walinda amani ulishambuliwa karibu na Khor Abeche, Darfur Kusini. Askari saba waliuawa, wote Watanzania. Habari zilinifikia Jumapili asubuhi nikiwa nimeshavaa kanzu ya ibada. Majina yalikuwa hayajatangazwa. Niliongoza ibada ile, lakini siwezi kuwaambia niliisomaje. Mama yetu alikaa benchi la mbele na hakufungua kitabu cha nyimbo. Jumanne simu ililia, ilikuwa sauti ya mdogo wangu, akasema ni mzima, akakata kwa sababu wengine walikuwa kwenye foleni.

Aliporudi mwaka uliofuata, tulikaa nje jioni moja, akanionesha simu yake ya zamani. Hakuwa na hasira. Alisema, "Kaka, wiki ile nilikuwa na meseji moja tu kutoka nyumbani. Ilikuwa yako." Nikaisoma. Nilikuwa nimemwandikia Alhamisi, siku mbili kabla ya shambulio, kumkumbusha fedha za kupaua nyumba. Salamu ilikuwa neno moja. Hakuna mahali nilipomuuliza analalaje. "Kama ningekuwa kwenye lile gari," alisema, "ningeondoka na hiyo." Kisha akabadilisha mazungumzo, maana alinihurumia. Nyumba ile ilipauliwa. Kila mvua ikinyesha juu ya bati zile, naisikia meseji yangu.

Ndiyo maana Jumanne, nilipomwona mama huyu na mizani yake, nilijua nimekutana na mtu aliyemwelewa Jese kuliko mimi.

Kuna jambo jingine katika sura hii ambalo familia za askari zinalihitaji. Daudi alipofika, alimwachia mlinda vyombo ule mzigo, akakimbilia safu ya vita, akawasalimu kaka zake. Na shukrani aliyopata? Eliabu alimwakia hasira mbele ya watu, akamuuliza wale kondoo wachache amemwachia nani, akamwita mwenye kiburi. Haya yametoka kwa mtu aliyeletewa chakula na mdogo wake aliyetembea kutoka Bethlehemu. Lakini Eliabu alikuwa na siku 40 za kutishwa asubuhi na jioni, tena za aibu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutoka. Mwanao akipokea kifurushi akajibu kwa neno moja, au akakukaripia kwamba umejisumbua bure, usikate tamaa na usimwambie shangazi kwamba amebadilika. Hujui alitoka doria gani siku hiyo. Tuma tena.

Halafu muulizeni anachohitaji, wala msibuni kila kitu. Paulo akiwa kifungoni hakuona haya: alimwomba Timotheo lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, tena afike kabla ya baridi. Mtume yule yule aliyeandika juu ya ufufuo alisikia baridi mabegani. Mwanao huenda hataki senene. Huenda anataka dawa ya fangasi wa miguu, au betri za kurunzi, au sauti ya kwaya ya vijana iliyorekodiwa kwenye simu siku ya mazoezi, na makosa yake yote. Kitu chenye maji maji kiachwe, kitachafua vingine. Nyama mbichi na maziwa visifikiriwe. Na nawasihi akina mama na wake wa askari: picha atakazowarudishia zikae kwenu. Mahali alipo na siku atakayosafiri si habari za kuweka mtandaoni.

Mkumbukeni na mbebaji. Epafrodito alibeba matoleo ya Wafilipi hadi kwa Paulo, akaugua karibu ya kufa. Huyu kijana anayeondoka ana begi lake, ana mke anayemwacha kwa mara ya pili mwaka huu, na bado amekubali kilo mbili za mtu mwingine. Mama ameshamwekea senene zake kwenye mfuko wa pembeni.

Anaondoka Alhamisi. Usharika wetu una vijana wanne katika kikosi kile, na mbebaji amesema barua atazichukua zote, kwa kuwa karatasi haina uzito. Jumapili baada ya ibada ya pili kutakuwa na meza kando ya mlango wa sakristia, yenye karatasi, kalamu na bahasha. Nawaomba kila nyumba imwandikie mmoja wao ukurasa mmoja. Mwambieni mvua imeanza lini, nani amebatizwa, mgomba gani umeangushwa na upepo. Mwulizeni hali yake, na mwandike kwamba mnangoja jawabu. Na katika ukurasa huo, nawasihi, msimwombe kitu chochote.