Bibi Mweupe Ambaye Si Bibi

Juzi hapa Boko umeme ulikatika, tukabaki barazani mimi na rafiki yangu tukibishana juu ya neno moja. Yeye anafasiri maandishi ya Kifaransa kwenda Kiingereza, hasa maelezo ya sanaa za kale. Anasema mfasiri ni hamali: anapeleka mzigo kama alivyoukuta, hata kama umeoza.

Nikamwambia, haya, tumchukue Dame Blanche.

Padri Henri Breuil, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa michoro ya mapangoni, alifika mlima Brandberg, Namibia, mwaka 1947. Mwambani kuna mtu amechorwa anatembea, miguu myeupe. Breuil akaona bibi mgeni, mwenye asili ya huko Mediterania. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1955, naye akawa White Lady. Leo wataalamu wanasema ni mwanamume, Mwafrika, labda mganga, na weupe ule huenda ni rangi ya kujipaka tu. Lakini jina ndo limeshaganda; watalii bado wanapanda kumwona "bibi".

Mfasiri akiandika "mtu", anamsingizia Breuil, maana padri hakuona mtu tu. Akiandika "lady", anamsingizia aliyechorwa.

"Aliyechorwa hasomi," rafiki yangu akasema.

Hapo nilikasirika kidogo. Wenye miamba wapo! Kondoa, ambako michoro yetu iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu bado wanatambika Mungumi wa Kolo. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya huko mwaka 1951, aliitazama picha moja akaona mwanamke anatekwa. Tangu hapo kila anayepelekwa pale anaambiwa kwanza habari ya utekaji, ndipo anyanyue macho.

Mimi naona neno la mwandishi libaki, ila libaki mdomoni mwake: "Breuil anamwita bibi", siyo "ni bibi". Rafiki yangu akakubali nusu, akanionyesha mtego mwingine kwenye kazi aliyonayo. Kifaransa husema une figure, halafu kinaendelea na elle, elle. Hiyo elle inafuata jinsia ya neno, haisemi kitu juu ya mwili. Wangapi wameshaandika "she" kwa sababu hiyo tu? Kiswahili kina bahati, "anatembea" inatosha.

Umeme uliporudi akafungua kompyuta, akafuta "she", akaweka "it".

Nikamuuliza, sasa umemfanya kitu?

Akafuta tena.