Je, Kutazama Kwaweza Kuwa Dhulma?

Ndugu zetu wa Pwani, nyinyi mliokulia kando ya bahari mwamjua kasa. Watoto wetu huku Eldoret, mji wa bara ulio juu kupita mita 2,000, hawamjui ila kwa jina. Basi wakati wa likizo ya skuli tuliteremka nao hata Watamu, penye hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968, tukakesha ufuoni ili wazione ajabu za Muumba.

Usiku ule kasa alitoka majini, akijikokota kutafuta mahali pa kuchimba shimo. Mayai atagayo mara moja huweza kupita 100. Nasi kwa pupa yetu tukamulika kurunzi. Akasimama, akageuka, akarudi baharini na mayai yake tumboni. Binti yetu akauliza: "Baba, tumemfukuza?"

Tulitaka kumjibu kwamba nia yetu ilikuwa njema, na kwamba kutafakari viumbe ni ibada. Jawabu hilo halikututoka kinywani. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, masahaba waliotwaa makinda ya ndege waliamriwa na Mtume (s.a.w.) wawarudishe kwa mama yao, wala hatusomi kuwa waliulizwa nia zao. Mwanadamu tuliyemdhulumu tungemwendea tukamtaka radhi. Kasa twamwendea wapi?

Usiku wa pili tulirudi bila taa, tukakaa mbali, kimya. Hatukuona kitu. Watoto wakalala pale pale mchangani, tukawafunika shuka hata alfajiri.