Hatia ya Tone

Jioni moja mjini Kisumu nilimkuta kijana akiosha gari ndani ya ziwa. Magurudumu yalikuwa majini, povu la sabuni lilikuwa jeupe kama pamba, na juu ya maji ulitanda utando wa mafuta uliong'aa kwa rangi nyingi. Nilimwuliza kama haoni kwamba anayachafua maji ambayo watu huyanywa. Alinijibu kwa adabu, "Mzee, ziwa hili ni kubwa. Povu langu litalifanya nini?"

Jibu hili si la mjinga, wala halistahili kuchekwa. Msomaji akilipima ataona kuwa lina ukweli ndani yake. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ndoo moja ya povu ikimwagwa humo, hapana samaki afaye, wala hapana mizani iwezayo kuonyesha tofauti ya maji ya jana na maji ya leo. Basi ikiwa tendo halina madhara yanayoonekana, mtendaji wake ana hatia gani? Na ikiwa kijana huyu hana hatia, na mwenzake hana, na mkulima wa Nyando hana, ni nani basi aliyeliharibu ziwa? Maana kuharibika limeharibika.

Yafaa kwanza tulijue ziwa lenyewe. Ni pana, lakini si la kina kirefu. Wastani wa kina chake ni kama mita 40, hali kina kirefu kabisa cha Ziwa Tanganyika hupita mita 1,400. Maji yake mengi, kama sehemu nne katika tano, huletwa na mvua inayolinyeshea, na kiasi kinachokaribia hicho hupandishwa na jua kuwa mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Naili kule Jinja. Sasa jua huchukua maji matupu. Halichukui sabuni, wala mbolea, wala kinyesi. Sehemu kubwa ya taka ziletwazo na mito ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu hubaki humo, kama deni lisilolipwa.

Katika taka hizo, madhara makubwa hutokana na vitu ambavyo shambani huitwa neema: fosforasi na naitrojeni. Vitu hivi ni chakula. Mahindi yakivipata hustawi; na mwani mdogo usioonekana kwa macho ukivipata hustawi vilevile, hata maji yakawa ya kijani kama rangi iliyokorogwa. Mwani haudumu. Hufa, huzama, huoza, na katika kuoza kwake bakteria hutumia oksijeni iliyo majini hata sehemu za chini zikabaki bila pumzi. Samaki asiyewahi kukimbia hukosa hewa akiwa katikati ya maji, kama mtu aliyefungiwa chumbani pamoja na jiko la mkaa. Gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, lilipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta karamu imekwisha andaliwa.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya fulu. Hawa ni samaki wadogo ambao zamani walikuwa ziwani aina zipatazo 500, na wengi wao hawakupatikana mahali pengine popote duniani. Mbuta, aliyeletwa katika miaka ya 1950 na 1960, aliwala kwa wingi, na haki yataka tumtaje ili uchafu usibebeshwe kosa lote. Hata hivyo uchafu nao ulitenda lake. Fulu jike huchagua dume kwa rangi: wa aina hii hufuata wekundu, wa aina ile hufuata samawati. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba pale maji yalipoingia ukungu, jike hakuweza tena kupambanua rangi. Hapana dume aliyeuawa, hapana jike aliyeuawa, wala hapana yai lililotiwa sumu. Walioana wasiopasa kuoana, rangi zikafifia, na aina zilizokuwa mbali mbali zikawa moja.

Ni tone lipi lililoyafanya hayo? Halipo. Ndipo udhaifu wa jibu la kijana unapoonekana: aliuliza povu lake litafanya nini peke yake, na ziwa halikupata kuletewa povu la mtu mmoja peke yake. Sisi huisifu haba na haba kwa kujaza kibaba tuwekapo akiba; sioni sababu ya kuikataa hesabu hiyohiyo tumwagapo uchafu.

Lakini sikubali kwamba hatia zote ni sawa. Yuko mama afuaye nguo ufukweni kwa kuwa bomba halijafika kwake. Na yuko mwenye kiwanda ajuaye kilichomo katika maji yake machafu, mwenye fedha za kuyasafisha, naye hungoja usiku ili ayafungulie. Wa kwanza amebanwa na haja, wa pili amechagua. Kuwatia katika kapu moja na kusema "sote tumekosa" ni njia ya upole ya kumwachilia mwenye nguvu. Mimi hupima hatia kwa mambo mawili: mtu alijua nini, na aliweza nini. Babu zetu walioosha vyombo ziwani hawakujua habari za fosforasi. Sisi tunajua, na ujuzi huu umetutwika mzigo ambao wao hawakuubeba.

Nilimweleza kijana machache katika haya. Alisikiliza, akakamua kitambaa chake, kisha akauliza, "Samahani, mzee. Maji uliyoogea leo asubuhi yamekwenda wapi?"

Sikuweza kumjibu, kwa kuwa katika umri wangu wote sikupata kujiuliza. Kesho yake niliamka mapema, nikaufuata mfereji uliotoka nyuma ya nyumba niliyolala. Ulipita kando ya soko, ukaingia chini ya barabara, ukatokea ng'ambo ukiwa mpana zaidi, na mteremko wake ulielekea ziwani.